Mgeni Aliyekuja Kumuulizia Notburga

Notburga Ngonyani alijua kunyamaza, na kwa mpiga chapa wa serikali hiyo si sifa ndogo. Miaka yote aliyokaa mbele ya mashine katika ofisi moja ya serikali mjini Songea, vidole vyake vilipitisha barua za watu kupandishwa cheo, za watu kusimamishwa kazi, na za wakubwa waliosemana wao kwa wao kwa maneno matamu yenye sumu ndani. Hakuna aliyewahi kusikia neno lake sokoni wala kwenye jumuiya. Wenzake walisema ana maringo. Maringo hakuwa nayo; alikuwa mwoga tu, na mwoga akipata kazi inayotaka mtu wa kunyamaza huonekana hodari.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, na serikali ilikuwa ikipunguza watumishi. Kupunguza! Neno la upole kweli, utadhani mtu anapunguza chumvi kwenye mboga. Watu waliingia ofisini asubuhi wakiwa makarani, wakatoka adhuhuri hawana mbele wala nyuma, mkononi bahasha na ahadi ya kiinua mgongo. Notburga alikuwa amevuka miaka thelathini, hana mume wala mtoto, na mshahara wake ndio uliomlisha yeye na mama yake, Mama Kunegunda, katika nyumba yao ya matofali ya kuchoma kule Ruhuwiko. Akipunguzwa yeye, wamepunguzwa wawili.

Siku moja Mzee Kajetani akamwita. Mzee huyu ndiye aliyetunza masjala ya siri, chumba chenye mlango wa chuma kilimowekwa mafaili yasiyotakiwa kuonwa na kila mtu, na mwisho wa mwaka alikuwa anastaafu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Funga mlango." Alingoja ufungwe. "Nyie wapiga chapa nasikia mtabaki wawili tu, na majina ya hao wawili mimi sijayaona. Lakini chumba hiki hakiguswi. Nimelitaja jina lako wakuweke hapa nikiondoka."

Notburga akaanza kushukuru.

"Usinishukuru bado. Anayekaa humu lazima afanyiwe upekuzi. Atakuja mtu kutoka makao makuu. Atakuhoji wewe, halafu atakwenda kwa watu wanaokujua, na hatawaambia anatafuta nini. Na wewe usimwambie mtu. Hata mama yako. Ukishindwa kuifunga siri hii moja, za humu utazifungaje?"

Notburga akaahidi, na ahadi hiyo, nawaambieni, aliitunza barabara. Katika mambo haya yote ni hiyo tu aliyoitunza, na ndiyo iliyomponza.

Lazima niseme habari za deni, maana bila deni pasingekuwa na hadithi. Zamani, na si zamani sana, mbolea ililetwa na chama cha ushirika kwa bei ya kubebeka, na mahindi yakanunuliwa na chama hicho hicho. Malipo yalichelewa mpaka watu wakatukana, lakini yalikuja. Kisha ikaingia biashara huria. Ruzuku ikaondolewa, bei ya mbolea ikapaa, na mnunuzi wa mahindi akawa yeyote mwenye lori atakayejisikia kuja. Watumishi wa Songea, ambao mshahara wao haukufika katikati ya mwezi, karibu wote walilima, na Notburga alilima Madaba kwenye ardhi ya wajomba zake. Alichukua mbolea kwa mkopo kwa Swalehe, mwenye duka la pembejeo pale mjini, mtu mpole aliyewaweka wadeni wake kichwani tu. Mahindi yakakubali kuliko mwaka wowote. Malori hayakuja. Yalipokuja hatimaye, dumuzi, yule mdudu wa ghalani, alishayageuza magunia kuwa vumbi. Tangu hapo Notburga alimlipa Swalehe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na deni likawa linapungua kwa mwendo wa konokono.

Hakuna aibu hapo. Nusu ya mji ilidaiwa mbolea. Lakini Notburga aliona aibu, na aibu ya mwoga haina kipimo.

Mpekuzi alipofika alijitambulisha kwa jina la Bwana Saimon. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mkoba mweusi, si mkali hata kidogo, na alimhoji Notburga katika chumba walichompa pale pale ofisini. Aliuliza habari za shule, za ndugu, za safari, za marafiki. Notburga akajibu yote bila kigugumizi.

"Bi Notburga, unadaiwa na mtu yeyote? Au duka, au chama?"

"Hapana."

"Fikiri kwanza. Hatuna haraka."

Mtu anayekupekua akikuambia ufikiri kwanza, jamani, amekuonea huruma. Notburga alilijua hilo. Lakini alimwaza mama yake, akaiwaza ile bahasha, akakumbuka karani mmoja aliyefukuzwa kazi miaka ya nyuma na watu wakasema ni madeni. Akajibu tena, kwa sauti iliyonyooka kuliko ya kwanza, kwamba hadaiwi hata na muuza mchicha. Kisha akatia sahihi chini ya maneno hayo, na usiku ule alilala vizuri, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Jumapili iliyofuata alibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Aliporudi Ruhuwiko alimkuta mama yake barazani amevaa kitenge cha Pasaka, na Pasaka ilishapita.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mama Kunegunda. Uso wake ulikuwa umejaa kicheko alichokuwa akikizuia kwa shida. "Leo tumepata mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mtu mzima, ana adabu zake. Kapiga hodi, kavua kofia, kaniamkia. Nikamwuliza, baba, umetoka wapi? Kasema ametumwa. Nikamwuliza, nani kakutuma? Kasema hilo kwa leo hawezi kulitaja. Nikajua."

Alijua nini? Alijua kile ambacho mama yeyote wa Songea mwenye binti nyumbani angejua. Mshenga anayekuja mara ya kwanza hamtaji aliyemtuma. Anakuja amejinyoosha, anapokea kinywaji, anauliza tabia za binti na habari za ukoo, kisha anaaga. Akiridhika, safari ya pili ndipo analitaja jina la mwanamume. Mama Kunegunda alikuwa amemngojea mgeni huyo tangu Notburga amalize shule. Alimwombea rozari nzima nzima, akamtegemea, akamkatia tamaa, akamtegemea tena. Sasa amekuja, tena na mkoba.

"Kauliza kama unakunywa, nikasema ugimbi kidogo siku za sikukuu. Kauliza nani anakutembelea, unalala wapi, una ugomvi na nani, tuna ndugu gani nje ya nchi. Maswali yenyewe kabisa, mwanangu! Ndivyo walivyouliza kwetu nilipokuwa mwali. Nikampa togwa, kanywa yote."

Notburga akamkatiza. "Ni mwembamba, mama? Ana mkoba mweusi?"

"Kumbe unamjua!" Mama akacheka sasa waziwazi. "Basi mmeshaonana huko mjini, ukanificha mama yako."

"Mama. Umemwambia nini kingine?"

"Nimemwambia yote."

Aliposema yote alimaanisha yote, na alikuwa na sababu yake. Rosemary, dada yake Notburga, aliolewa Namtumbo. Marehemu baba yao alimficha mshenga kwamba binti yule huanguka kifafa. Aliona akilisema hilo binti hatapata mwoaji. Mwaka haukuisha, Rosemary akarudishwa. Ndugu wa mume ndio waliomleta, wakasimama uani wakadai mahari yao kwa makelele mpaka majirani wakatoka nje. Rosemary hakukaa sana akafariki. Watu walisema ni ule ugonjwa, mama yake akasema ni fedheha. Siku ya maziko Mama Kunegunda alikula kiapo kwamba mshenga mwingine akija nyumbani kwake ataambiwa kila kitu, cheupe na cheusi, ili mwanawe aliyebaki asije akarudishwa naye.

"Nimemwambia una hasira za kimya kimya, ukiudhika unaweza kukaa siku nzima husemi na mtu," aliendelea. "Habari za Rosemary nimemwambia. Na deni la Swalehe nimemwambia. Nikasema, baba, binti yangu anadaiwa mbolea, analipa kila mwezi. Atakayemtaka amtake na deni lake, msije kesho mkasema tuliwaficha. Akaandika."

"Aliandika?"

"Akaandika. Nikasema moyoni, huyu ni mshenga msomi."

Hapo Notburga angeweza kusema. Angeweza kumwambia mama yake, yule si mshenga, yule amekuja kunipekua kwa ajili ya kazi, na mimi nimeshamwambia kinyume cha hayo uliyomwambia. Lakini aliahidi kunyamaza, na isitoshe, angemtazamaje mama aliyevaa kitenge cha Pasaka na kumnyang'anya siku yake? Alisema tu kwamba amechoka, akaingia ndani.

Asubuhi alitoka Ruhuwiko kwa miguu ili apate nafasi ya kuyapanga maneno. Na aliyapanga vizuri. Bwana Saimon, nilikosea. Ninadaiwa na Swalehe, niliona aibu, naomba nisahihishe. Aliyarudia njia nzima, na kila alipoyarudia yakawa mepesi zaidi. Alipofika mlangoni alikuwa tayari.

"Karibu, Bi Notburga," alisema yule mtu mwembamba, akamwekea kiti. "Naona una jambo la kusahihisha."

Alimtengenezea hata njia ya kuingilia, mnaona? Kilichobaki ni kusema ndiyo. Mimi nimejaribu sana kumwelewa Notburga katika saa ile, na kumtetea nimeshindwa. Alifungua kinywa, na maneno aliyoyapanga njia nzima hayakutoka. Yalitoka mengine.

"Ni kuhusu mama yangu," alisema. "Nasikia ulifika nyumbani. Mama ni mgonjwa. Tangu dada yangu afariki, akili zake haziko sawa. Anasema mambo yasiyokuwepo. Pale mtaani watu wamemzoea."

Bwana Saimon aliweka kalamu mezani. Notburga akasikia mashine za wenzake zikilia chumba cha pili, wale ambao nao walikuwa wakingoja bahasha.

"Mama yako nilikaa naye mchana mzima," alisema hatimaye. "Ana akili kuliko wengi ninaowahoji kwenye viti vya ofisi. Na Swalehe nimeshamwona, jana jioni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Dada yangu, deni lisingekuzuia. Mimi mwenyewe nadaiwa mabati. Tunauliza deni ili tujue mtu anaweza kubanwa wapi. Aliyesema anadaiwa hana tena cha kutishiwa. Aliyeficha, yeyote atakayeijua siri yake anaweza kumtuma atakavyo, hata kwenye yale mafaili. Wewe umebanwa kidogo tu, tena na mtu aliyekuwa anakutakia mema, umemtoa mama yako kafara. Ukibanwa sawasawa utatoa nini?"

Notburga alisema asante, sijui ya nini, akarudi kwenye mashine yake akachapa barua iliyokuwa inamngoja.

Jioni alipitia dukani kwa Swalehe. Alitaka kumlaumu mtu, nadhani, na Swalehe alikuwa karibu.

"Kaka Swalehe, kuna mtu alikuja kuniulizia?"

"Alikuja, dada. Wallahi sikujua anatafuta nini, nikahofia labda ni mambo ya mahakama. Lakini kusema uongo siwezi. Nikamwambia nakudai. Nikamwambia pia kwamba kati ya wote ninaowadai, wewe peke yako hujawahi kunikwepa njiani." Alimtazama kwa wasiwasi. "Nimekuharibia?"

"Hujaniharibia."

"Basi inshallah itakuwa heri."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mdai wake alimsemea vizuri. Mama yake alimsema kwa haki na kwa upendo. Mji mzima wa Songea haukuwa na mtu aliyemsema vibaya Notburga Ngonyani mbele ya mpekuzi isipokuwa Notburga Ngonyani.

Funguo za masjala ya siri akapewa kijana aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine. Mzee Kajetani hakumwuliza Notburga kitu. Walipopishana kwenye korido mzee aliangalia ukuta. Kabla ya mvua kuanza majina ya waliopunguzwa yakasomwa, na lake likawemo. Kiinua mgongo kilipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Swalehe akamaliza deni lote. Kwa hiyo sasa hakudaiwa na mtu, kweli kabisa, na hapakuwa na yeyote anayemwuliza. Kilichobaki alinunulia maharage ya mtaji, akapata mahali sokoni, akaanza kuyauza kwa kopo.

Mama Kunegunda aliipokea habari ya kazi bila kelele. Mwaka ule kila ukoo ulikuwa na mtu wake aliyepunguzwa, na serikali kwa mama yule ilikuwa jambo la huko, haliombwi sababu. Kilichomkosesha raha ni yule mgeni kutorudi. Kila Jumapili alifagia uwanja mpaka udongo ukang'aa, akaweka togwa kwenye mtungi, akavaa kitenge cha Pasaka, akakaa barazani. Togwa ilichacha, akamwaga, akapika nyingine. Notburga aliyaona hayo wiki baada ya wiki akanyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi aliyoizoea.

Mpaka Jumapili moja mama akaingia na mtungi wake jikoni, akauweka chini, asiumwage.

"Ni mimi niliyekuharibia, mwanangu," alisema. "Nimefikiri sana. Harudi yule. Ni lile deni. Baba yako alificha nikamlaumu mpaka anaingia kaburini, kumbe yeye ndiye aliyewajua watu. Akija mwingine nitasema hatudaiwi. Nitasema hata Rosemary alikufa na malaria. Mungu atanisamehe."

Notburga alikuwa anachambua maharage. Aliweka ungo chini. Kumwona mama yake, mwenye kiapo alichokula kaburini, anajifunza uongo akiwa na mvi zake, na anajifunza kwa sababu yake, lilikuwa jambo zito mno hata kwa mwoga. Akasema. Alisema yote kwa mara ya kwanza maishani mwake: masjala, upekuzi, kwamba yule hakuwa mshenga, kwamba alimficha deni na mama akalisema, na kwamba kulisema hakukuwa kosa, kwani deni lisingemzuia. Hapo angeweza kukomea, na mama angefurahi. Lakini aliona akibakiza kitu atakuwa hajasema, basi akamalizia na lile la akili.

Mama Kunegunda alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakufoka.

"Ulimwambia sina akili?"

"Ndiyo, mama."

"Yule mtu aliyekunywa togwa yangu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema mama, na nadhani alimsamehe kweli, kwa kuwa alikuwa Mkristo wa kufa na kupona. Akaenda kukivua kile kitenge. Waliendelea kula pamoja, kusali pamoja, kwenda Misa pamoja. Ila tangu siku ile, Notburga akimwuliza chochote, kama mboga iwe ya karanga au wauze debe hili la mahindi, mama alimjibu kwa upole: amua wewe, mwanangu.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, kweli akaja mshenga. Safari hii alikuwa mshenga wa haki, mzee Pankrasi wa Namtumbo, ametumwa na mwalimu mmoja aliyefiwa na mke, aliyemwona Notburga sokoni akapendezwa na utulivu wake. Alipiga hodi, akavua kofia, akapewa kiti barazani. Notburga alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na kila neno alilisikia. Mama Kunegunda alikuwa anapukuchua mahindi.

"Mama," alisema Pankrasi, "nimetumwa. Aliyenituma kwa leo sitamtaja. Nimekuja kusikia kwako habari za binti."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Karibu, baba," alijibu Mama Kunegunda. "Lakini mimi usiniulize. Mimi akili zangu haziko sawa, nasema mambo yasiyokuwepo. Mwulize mwenyewe, yumo humo ndani, alishawaambia hivyo hata serikalini."

Pankrasi alingoja kidogo, akidhani ni mzaha wa wazee. Mama hakucheka. Basi mzee akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu bila kuuliza swali hata moja, na Notburga akazisikia hatua zake zikivuka uwanja mpaka barabarani.